Pabovu pa Kamba ya Nanga

Juu ya mchanga, mvuvi huhofia nanga isishike. Juu ya mwamba hofu hugeuka: nanga itashika, tena itashika mno, na saa ya kuondoka itagoma kutoka. Hofu ya kwanza humweka mtu macho. Kila mara anatazama alama zake za nchi kavu, mnazi uliopinda na paa la msikiti, aone kama chombo kinaburura. Hofu ya pili humlaza. Chombo kimetulia, mshipi umenyooka, changu wanadonoa, na hakuna linalomkumbusha kwamba huko chini, pima saba au nane, kulabu imeingia kwenye mwanya wa jabali na kila wimbi linalopita linaizidisha kuzama.

Hofu hii ya pili haizungumzwi sana. Tumezoea kuisifu nanga kwa kushika, na anayeiuza dukani huisifu hivyo hivyo. Lakini avuaye mwambani anajua kwamba nusu ya kazi ya nanga ni kuachia, na nusu hiyo hainunuliwi. Huitengeneza mwenyewe, kwa fundo analolifunga huku akijua kwamba ni dhaifu. Fundo hilo ndilo ninalotaka kulitafakari hapa, kwa sababu naona lina mafunzo mapana kuliko ukubwa wake.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini asivue mchangani, akaepukana na yote haya? Waamuzi ni samaki. Uwanda wa mchanga una riziki yake, lakini mchana kutwa samaki wengi wa thamani hawaendi mbali na mwamba. Chewa hujibanza kwenye mlango wa pango lake akingoja kinachopita. Changu hushinda ukingoni, na giza likiingia hutawanyika kwenda kutafuta kaa na konokono kwenye mchanga na majani. Pono hukwangua mawe kwa mdomo, kikande huchokonoa mianya, na mkunga hatoki kabisa mpaka alazimike. Mkondo ukigonga ukuta wa mwamba hupanda juu pamoja na vijidudu vinavyoelea. Dagaa huvifuata, na kolekole huwafuata dagaa. Yote haya hutokea katika ukanda mwembamba. Chombo kinachochukuliwa na maji huuvuka ukanda huo kitambo kidogo tu, na ndoana inayoburutwa juu ya mawe hunasa kabla haijaliwa. Ndiyo maana mvuvi wa mshipi hutaka kukaa pale pale ukingoni, saa mbili au tatu. Na ili akae, inambidi ajifunge na kitu asichokiona.

Ninafikiria vyombo viwili, ngalawa na kayaki. Ngalawa tunaijua: gogo la mwembe lililochongwa, ndubi mbili za kuizuia isilale, tanga moja, watu wawili watatu. Kayaki ilizaliwa mbali na minazi. Wainuit wa Greenland na wa pwani za kaskazini mwa Amerika waliijenga kwa kiunzi cha miti iliyoletwa na bahari, au mifupa ya nyangumi, wakakivika ngozi za sili na kwenda nacho kuwinda. Kayaki ya kuvulia ya leo kwa kawaida ni ya plastiki, ya kukalia juu. Tumbo lake limezibwa, na maji yanayoingia kwenye kiti hutoka yenyewe kwa matundu. Aina hii ilianzia California katika miaka ya 1970. Sasa kuna watu wanaovua nayo baharini huko Uingereza, Australia na pwani ya KwaZulu-Natal, na kwenye fukwe zetu za hoteli utazikuta zimelazwa mchangani zikisubiri wageni.

Tofauti zao ni nyingi, lakini mbele ya nanga ni ndugu. Vyote viwili ni vyepesi na viko karibu na maji. Kayaki ya kuvulia ina kilo 25 hadi 40 hivi, yaani mvuvi ni mzito kuliko chombo chake, na ukingo wake hauzidi shubiri juu ya bahari. Katika boti kubwa, nanga ikigoma, kuna uzito wa chombo na nguvu ya mashine za kushindana nayo. Katika kayaki kuna mikono miwili tu, na mwenye mikono hiyo amekalia kitu kinachopinduka.

Ndiyo sababu kanuni ya kwanza ni kwamba nanga haifungwi ubavuni. Chombo kikilala ubavu kwenye mkondo, kamba huukandamiza ukingo unaotazama maji yanakotoka, maji hupanda juu yake, na kupinduka kunakuwa jambo la sekunde. Kamba itoke omo au tezi, ili mkondo ugawanyike. Kwenye ngalawa ni kazi nyepesi: mmoja hutambaa hadi omo akafunga. Mwenye kayaki hana nafasi hiyo. Ameketi katikati, na akijaribu kutambaa kwenda mbele ataogelea. Kwa hiyo huweka kapi ndogo mbele na nyingine nyuma, akapitisha kamba ya mzunguko kando ya ubavu, yenye pete. Kamba ya nanga hupita katika pete hiyo. Akivuta mzunguko, pete huenda hadi omo au tezi na mzigo wa nanga huenda nayo, naye hajanyanyuka alipokaa.

Kanuni ya pili ni urefu wa kamba. Nanga ndogo ya kayaki ina kilo moja na nusu. Kwa uzito wake haiwezi kumzuia hata mtoto. Hushika kwa kulala na kuuma, na hulala pale tu inapovutwa kwa mlazo. Kwa hiyo huunganishwa na kipande cha mnyororo cha kuilaza, na kamba huachiwa mara tatu ya kina au zaidi: maji ya mita 15 yanataka kamba ya mita 45 angalau. Kwetu lazima uhesabu pia kupwa na kujaa. Unguja, siku za bamvua, tofauti hiyo hufika kama mita 4, na kutoka maji kupwa hadi maji kujaa ni saa sita na kidogo. Aliyetia nanga maji yamekupwa akaibana kamba fupi, kisha nanga ikanasa, atakuta bahari inapanda na omo haipandi nayo. Kwa ajili ya saa hiyo kuna kisu, na kisu hicho hukaa mahali mkono unapofika bila kutafuta. Lakini kukata kamba ni kuiacha nanga, mnyororo na riziki ya siku chini. Mvuvi hodari hutaka asifikie hatua ya kisu.

Huko Kizimkazi niliwahi kumsikia mzee mmoja akizungumza na kijana aliyekuwa akifunga nanga ya nondo kwa kamba mpya ya nailoni. Kijana alilikaza fundo kwa meno, akalivuta, akaridhika.

“Shikamoo babu. Hii haifunguki leo wala kesho.”

“Marahaba mjukuu wangu. Na ukitaka kurudi nyumbani?”

“Nitaivuta.”

“Ikikataa?”

Kijana akacheka. Mzee akaichukua nanga, akalifungua lile fundo, akaifunga kamba upya kitakoni, pale kulabu zote nne zinapokutana. Kisha akaipandisha kamba sambamba na mti wa nanga hadi kwenye pete ya juu, na hapo akaishikiza kwa uzi mwembamba, mizunguko miwili tu. Akaugusa ule uzi kwa kidole. “Hapa,” akasema, “ndipo patakapokurudisha kwa mama yako.”

Ujanja huo huo hutumiwa na wavuvi wa kayaki wa Uingereza, ila wao hushikiza kwa ule ukanda mwembamba wa plastiki wa kufungia nyaya za umeme. Kazi yake ni rahisi kueleza. Wakati wa kuvua, mvuto hupita kwenye uzi hadi pete ya juu, nanga ikalala na kulabu zikauma. Nanga ikinasa, mvuvi huisogelea hadi awe juu yake au aipite kidogo, kisha huvuta kwa nguvu kuliko mkondo ulivyokuwa ukivuta. Uzi hukatika. Mvuto sasa umehamia kitakoni, na kulabu iliyoingia kwa mbele hutolewa kinyumenyume, kwa njia ile ile iliyoingilia. Mvuvi anapoteza kipande cha uzi, anarudi na nanga yake. Wengine hutumia nondo nyembamba, ambayo kulabu zake hunyooka zikizidiwa, wakazikunja tena wakifika ufukweni. Wengine hufunga jiwe kwa kamba hafifu, na likikwama huliacha huko lilikotoka.

Ugumu wote uko katika kuuchagua uzi. Ukiwa dhaifu mno, wimbi la kwanza la upepo wa alasiri litaukata, na aliyesinzia ataamka yuko nje ya mwamba. Ukiwa imara mno, hakuna ulichofanya. Unatakiwa uishinde bahari ya siku hiyo lakini ushindwe na mikono ya mwenye chombo, tena kabla chombo hakijalala upande. Kwa hiyo anayeufunga lazima azijue nguvu za namna tatu: ya maji, ya chombo, na yake mwenyewe. Ya maji huulizia mwezi na upepo. Uzi wa siku za maji mafu sio uzi wa bamvua, na wa kaskazi tulivu sio wa kusi. Ya chombo huijua kwa mazoea. Ya tatu ndiyo inayotaka ukweli, maana hakuna anayependa kuipima nguvu yake kwa kipimo cha kushindwa. Kijana wa miaka ishirini na mzee wa sabini wakitumia uzi mmoja, mmoja wao amejidanganya.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Methali hii tumeizoea kama sikitiko: mambo yakizidi, anayeumia ni mnyonge. Mvuvi wa mwambani ameipokea kama maelekezo ya kazi. Ikiwa hakuna kamba isiyo na pabovu, na ikiwa pabovu ndipo patakapoamua nini kipotee na nini kipone, basi mahali hapo apachague yeye, mapema, akiwa nchi kavu na akili imetulia. Akiacha kupachagua, bahari itamchagulia, na bahari haimuulizi mtu anathamini nini zaidi.

Wawindaji wa Kiinuit waliifanya hesabu hii kabla ya plastiki. Chusa chao kilikuwa na ncha inayochomoka mtini ikishaingia mwilini mwa sili, na kamba ya ncha hiyo hawakuifunga kwenye kayaki. Waliifunga kwenye boya la ngozi nzima ya sili iliyojazwa pumzi, lililobebwa nyuma ya mwindaji. Sili aliyechomwa alikimbia na boya, akachoka nalo, na mwindaji akabaki huru juu ya chombo chake chembamba. Alijua kwamba mnyama ana nguvu kumshinda, akapanga mapema mahali pa kuachana naye. Mvuvi wa kayaki wa leo hufanya vivyo hivyo kwa boya dogo na kifungo cha kufyatua kwenye kamba ya nanga. Samaki mkubwa akimvuta, au meli ikimwelekea, hufyatua na kwenda zake, akarudi baadaye kulichukua boya na nanga iliyo chini yake.

Karibu zaidi na sisi, wavuvi wa Komoro huenda usiku kwa galawa zao, ndugu za ngalawa zetu, kuvua kandokando ya visiwa vya volkano ambako ardhi huporomoka upesi hadi mamia ya mita, na kutia nanga hakufikiriwi. Huko fundo dhaifu limehamia kwenye mshipi. Mshipi huzamishwa kwa jiwe. Likishafika, mvuvi huushtua kwa mkono, jiwe huachia na kubaki chini, na chambo huning'inia juu ya miamba bila uzito wa kukinasisha. Kwa mishipi ya namna hiyo Wakomoro walikuwa wakimpata mara moja moja gombesa, yaani silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka tangu zama za dinosaria, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwezi Desemba 1938 na wa pili Anjouan mwaka 1952. Kwa miaka mingi baada ya hapo, karibu kila silikanti aliyefika kwenye makumbusho ya dunia alitoka mikononi mwa wavuvi hao.

Linganisha na yaliyotokea nje ya Tanga mwanzoni mwa karne hii, pale majarife yaliyotegwa kwenye kina kirefu yalipoanza kuwapandisha silikanti mmoja baada ya mwingine, mpaka mwaka 2009 eneo hilo likatangazwa hifadhi ya bahari. Jarife halina fundo la kuachia. Linashika alichokusudia mvuvi na asichokusudia, na mwenyewe yuko nyumbani amelala. Mshipi wa Komoro ulimpata samaki yule yule kwa mamia ya miaka pengine, naye akaendelea kuwapo.

Hapa ndipo ninapoiona sura ya pili ya jambo hili. Zamani kamba ya nanga ilisokotwa kwa makumbi ya nazi. Ilikuwa nzito, ilichubuka mwambani, ilichakaa, na nanga ikigoma kweli kweli ndiyo iliyokatika. Hakuna aliyeiwekea pabovu, ilizaliwa napo. Nailoni imetuondolea adha hiyo, na hakuna mvuvi anayeililia kamba ya makumbi. Lakini pabovu hapakuondoka, pamehama. Ukifunga kamba isiyokatika kwenye nanga isiyokunjika, kisha ukavuta kwa mashine ya farasi arobaini, kitakachokatika ni mwamba.

Na sehemu kubwa ya mwamba huo ina uhai. Matumbawe hujengwa na wanyama laini, wengi wao wa milimita chache tu, wanaojenga makao ya chokaa juu ya makao ya waliowatangulia, wakilishwa na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya miili yao. Tumbawe la mviringo hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Yale ya matawi huenda mbio zaidi, hata sentimita kumi, na ndiyo yanayovunjika upesi. Mkondo ukigeuka, chombo huzunguka, na mnyororo ulio chini hufagia duara zima. Vipande vilivyovunjika hubiringishwa na mawimbi, na tumbawe changa haliwezi kuota juu ya kitu kinachobiringika. Kwa hiyo jeraha la dakika moja hubaki kifusi kwa miaka. Tena linaukuta mwamba ambao tayari umedhoofika: joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, kuanzia Kenya na Mafia hadi Shelisheli, na joto la namna hiyo limerudi tangu wakati huo.

Haki itendeke. Ngalawa ya watu wawili haiui mwamba. Baruti imeua zaidi, juya linaloburuzwa limeua zaidi, na boti za watalii zinazotia nanga mahali pamoja asubuhi baada ya asubuhi zinaumiza zaidi kuliko mvuvi anayehamahama na samaki. Lakini mantiki ya fundo inawahusu wote. Kila anayejifunga na bahari ana pabovu mahali fulani. Anayejivunia kwamba vifaa vyake havina udhaifu amewahamishia udhaifu huo viumbe wasioweza kuukataa.

Hifadhi za bahari zimekuja na jibu lao. Katika kisiwa cha Chumbe, ambako mwamba wa upande wa magharibi ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, hakuvuliwi wala hakutiwi nanga. Chombo hufungwa kwenye boya. Boya la kudumu ni fikra nzuri: tofali kubwa la zege mahali pasipo na uhai, mnyororo mmoja, na vyombo vyote hufika hapo na kuondoka bila kugusa chini. Kwa wageni wa kuzamia, boya linatosha. Mvuvi wa mshipi halimtoshi, kwa sababu samaki hawakai palipofungwa boya. Yeye lazima awe na elimu ya kubeba kichwani.

Elimu hiyo ipo, na wenye kazi yao wanaijua: nanga mchangani, mshipi mwambani. Kandokando ya mwamba karibu kila mara pana mchanga. Mvuvi hupita kwanza juu ya mahali anapopataka bila kutia chochote, akazichukua alama za nchi kavu, akautazama mkondo unakotoka. Kisha hupanda juu ya mkondo hadi auvuke ukingo. Kama maji ni safi, macho yanatosha. Kama yamechafuka, hushusha chubwi: juu ya jiwe hugonga na mkono ukasikia, juu ya mchanga hutua kimya. Akishapata mchanga hutia nanga hapo na kuiachia kamba taratibu, mkondo ukimrudisha nyuma, mpaka tezi iwe juu ya ukingo. Kulabu imeuma mchanga, ambao hautamnyima nanga yake wala kuvunjika. Ndoana iko penye samaki. Gharama yake ni kamba ndefu zaidi, na subira ya kuhama mkondo au upepo ukigeuka. Pasipo na mchanga, kuna njia ya kutotia nanga kabisa: kutosa kitambaa kipana kinachofunguka majini na kupunguza mwendo, kisha kupita juu ya ukingo polepole na kurudi kwa kafi kuanza tena. Nanga yenye uzi dhaifu ni ya mahali pa mwisho, juu ya jabali tupu lisilo na matumbawe, palipo na haja ya kweli.

Lakini siwezi kuwahubiria wavuvi habari za kamba nikainyamazia kamba nyingine iliyowafunga ufukweni. Wengi huchukua nyavu, mashine au fedha za mafuta kwa mchuuzi, na hulipa kwa kumuuzia yeye peke yake, kwa bei yake. Mkataba huo hauna uzi mwembamba popote. Kusi likivuma na bahari ikifungwa kwa majuma, deni halisubiri upepo. Linavuta vile vile. Mwenye deni hutoka siku asiyopaswa kutoka, hutega mahali asipopaswa kutega, huchukua nyavu za matundu madogo. Anapozidiwa, hakatiki mchuuzi wala mkopo. Wanakatika samaki wachanga, na mwamba, na wakati mwingine nyumba ya mvuvi. Halmashauri, vikundi vya ulinzi wa rasilimali za bahari na vyama vya kuweka na kukopa vikitaka kweli kuiokoa bahari, vianze kwa kuuliza swali la mzee yule: na ikikataa? Mkopo wa mvuvi uwe na miezi ya kupumzika inayojulikana tangu siku ya kwanza, kama kusi linavyojulikana. Kuandika mwezi wa Juni na Julai kwenye mkataba ni jambo linalowezekana kabisa.

Sioni ajabu kwamba hekima hii imetoka kwa watu wa vyombo vyepesi. Mwenye meli anaweza kuishi maisha yake yote akidhani kwamba nguvu ndiyo jibu la kunasa. Anayekalia gogo la mwembe, au plastiki ya kilo thelathini, hawezi kudhani hivyo hata siku moja, kwa sababu kila kitu alichofungwa nacho kina nguvu kumshinda. Amelazimika kufikiri, na fikra zake zimefika mahali ambapo wenye nguvu hawajafika: kwamba kabla ya kujifunga na jambo, upange utakavyotoka, na upange nani alipe gharama ya kutoka kwako. Aliyepanga vizuri hulipa mwenyewe, kwa kipande cha uzi.

Basi, wewe mwenye ngalawa, na wewe unayekodisha kayaki, na wewe nahodha wa boti ya wageni: tafuta mchanga kwanza. Ukiukosa, pitisha chombo bila nanga. Ukilazimika kutia nanga kwenye jabali, weka kisu karibu, funga kamba kitakoni na uishikize juu kwa uzi unaoweza kuukata kwa mikono yako. Na kama ukishika nanga mkononi hujui ni wapi patakapoachia kwanza, usiitose.